Kombe la Kimanchu

Mpaka leo nikiona kamba ya kuanikia nguo napandwa na hasira. Nyumbani wanalijua hilo na wanacheka. Nami nawaacha wacheke, kwa kuwa aliyeanikwa uani kwa vibanio ni mimi, si wao.

Nimesoma Kimanchu. Nasema hivyo bila haya, ingawa Maskati kila niliyemwambia aliniuliza kama nilikosa cha kusoma. Nilitoka Unguja kwenda London kusomea sheria, kama baba alivyotaka. Huko nikamkuta mwalimu mmoja mzee aliyefundisha lugha ya Wamanchu, watu wa kaskazini walioitawala China kwa muda mrefu, pamoja na Kijurchen, lugha ya mababu zao, ambayo leo haina msemaji. Darasani tulikuwa wawili, mimi na yeye. Sheria nikaiacha, na baba akaacha kuniandikia barua.

Mzee yule alinipa kazi ya kamusi. Kila neno lilikuwa na kadi yake: neno la Kimanchu kwa wino wa hudhurungi, chini yake neno la Kijurchen nililolinakili kutoka hati kongwe za maktaba, na pembeni maana yake kwa Kiingereza kwa kalamu ya risasi. Alitaka aione imekwisha kabla macho yake hayajakwisha. Nilimwahidi.

Ikafika 1964, kwetu kukaharibika, na jamaa zangu waliosalimika wakakimbilia Maskati. Mwaka uliofuata nikawafuata na sanduku langu la bati. Forodhani mkaguzi alitoa kadi moja, akailaza ubavu, akajaribu kuisoma huku midomo ikimcheza, kisha akaniuliza hicho ni Kiarabu cha wapi. Sikumlaumu. Kimanchu huandikwa kutoka juu kwenda chini, na ukiilaza karatasi utadhani ni herufi zetu zilizoandikwa na mtu mwenye homa.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenipa chumba. Alikuwa akilea mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka mitano, yatima. Siku moja akanikuta nimezitandaza kadi, akauliza ni nini. Mimi, kwa kiherehere changu cha kisomi, nikamweleza kuwa khati ile na yetu asili yao ni moja, zote zimetokana na khati za kale za Sham.

"Kumbe ni khati tukufu," akasema.

Nikacheka, sikumsahihisha. Tangu nifike hakuna aliyekuwa amenisikiliza hata dakika tano, na utamu wa kusikilizwa ulinilevya. Hilo ni kosa langu na nalibeba.

Nilipata ukarani kwa mfanyabiashara mmoja wa Matrah, akanituma Sib kuhesabu magunia ya tende. Barabara haikuwapo, ni mchanga mtupu, nikakaa huko siku nane. Niliporudi nilipita uani, nikaziona kadi zangu zimepangwa kwenye kamba, zimebanwa moja moja katikati ya kanga na nguo za mtoto. Nikadhani zimenyeshewa. Nikaishika moja. Wino wote ulikuwa umetoka. Iliyobaki ni kalamu ya risasi, kwa mwandiko wangu mdogo: maradhi. Neno lenyewe halipo. Nyingine: samaki. Nyingine: theluji. Maana zote zipo, maneno hakuna.

Lilikuwa fungu la herufi N, lililofungwa kwa uzi wa kijani.

Kwetu mtu akiugua huandikiwa aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, naye akayanywa. Ndilo kombe. Mtoto alishikwa na homa nilipokuwa Sib, mwalimu wa kuandika kombe hakupatikana, na shangazi akakumbuka khati tukufu yenye wino wa rangi ya zafarani. Akachukua fungu lenye uzi wa kijani, kwa sababu ya ukijani wake, rangi ya dini. Akaziosha kadi kwa maji na marashi kwenye bakuli, siku saba, asubuhi na jioni.

"Shangazi, umeniua!" nikapiga kelele, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti.

"Astaghfirullah. Mtoto kapoa, mwanangu. Mtizame anavocheza."

"Unajua umemnywesha nini? Hii hapa ilikuwa *nimeku*. Maana yake maradhi! Umemnywesha maradhi!"

Akafikiri kidogo. "Basi ndo mana homa imetoka. Imekutana na mwenziwe."

Nilitamani kuvunja kitu. Nikalivunja lile bakuli, na mtoto akalia. Shangazi akaokota vigae, na tangu siku hiyo chakula changu alikileta mlangoni, akakiweka, akaenda zake.

Maneno ya Kimanchu ningeyarudisha mengi kwa kichwa. Ya Kijurchen yalikuwa kwenye hati zile tu, na hati zilikuwa London. Siku hizo ruhusa ya kutoka ilikuwa shida, na ukiipata hujui kama utaruhusiwa kurudi. Nikamwandikia mwalimu wangu wa London. Jibu lilikuja baada ya miezi, limeandikwa na mkono wa mtu mwingine, maana yeye alikuwa haoni tena. Aliniomba nimpelekee zilizobaki, asomewe, hata kama zina pengo. Barua ile ilinitia hasira zaidi. Kamusi isiyo na N ni kamusi gani? Nikaapa sitatoa kitu chenye pengo, na sikumjibu. Baadaye nilipata habari kuwa amefariki.

Majirani nao hawakuniacha. Habari za kombe la Kichina zilienea, wanawake wakaja na vichupa, mmoja alitoka Azaiba juu ya punda. Niliwafukuza wote. Nilikuwa na kufuli mpya kwenye sanduku na ulimi mchafu, na nilijivunia vyote viwili.

Mwaka 1970, alipotawala sultani mpya na watu wetu wakaanza kumiminika Maskati kutoka kila upande, shangazi aliugua akalala kitandani. Alikuwa hajanikanya hata siku moja kwa lile bakuli. Akamtuma mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa amekuwa msichana mrefu, akasimama mlangoni pangu na sahani nyeupe.

"Bibi anasalimu. Anasema anaomba kadi moja tu, yoyote utakayoweza kuiacha."

"Kamwambie si kombe. Ni maneno ya watu waliokufa."

"Anajua," akasema. "Anasema hata hivyo."

Nikamrudisha na sahani yake tupu. Shangazi hakuifikia Ijumaa.

Nimemkasirikia miaka mingi, na hasira ile ipo, sitasema uongo. Kadi zilizobaki ninazo, safi, wino haujapauka. Wapo maprofesa niliowaonyesha, wakasifu mwandiko. Lakini waliowahi kuniomba kadi hizi kwa shida ya kweli ni wawili tu, kipofu na mgonjwa, na wote wawili niliwanyima.