Tembo la Kuumulia Mkate

"Tembo likipita motoni, hubaki tembo?"

Shangazi aliniuliza hivyo jikoni kwake Garsen. Mimi nilikuwa nimerudi juzijuzi kutoka chuo kikuu Kampala, na ubishi kwa kila mtu.

Shangazi alikuwa wa Unguja, kama mimi. Ndoa ndiyo iliyomfikisha Mto Tana. Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, mto ulifurika, lori la Malindi likakwama, na hamira ikaisha dukani. Kesho yake watu wa Kipini walikuwa wanakuja kwa mtumbwi kumposa binti yake. Mama wa kijana alisifika kwa jambo moja: haulizi mengi, huomba mkate wa kumimina, akaukata, akaamua.

"Huo ni upuuzi," nilisema.

"Naam, ni upuuzi. Lakini anayeposwa ni mwanangu, si wako."

Nazi nazo hazikuwepo. Hilo halikumsumbua, aliengua malai ya maziwa ya ng'ombe, akasema mchele hautajua tofauti. Niliipenda jeuri yake. Tatizo lilikuwa hamira. Kwao wazee waliumua mkate kwa tembo, basi akanituma nimuulize jirani yetu Muorma, aliyetuletea maziwa kila asubuhi, kama anajua pa kulipata.

"Tembo?" jirani alishangaa. "Iko mingi. Jana nakula mahindi yote ya Kulesa. Wewe nataka ya nini?"

"Nataka la kutia kwenye mkate."

Aliweka kibuyu chini ili acheke vizuri. "Mama! Watu ya Unguja nakula tembo na mkate? Na masikio yake?"

Shangazi akatoka na mwiko mkononi. "Mnyama ni ndovu, mwanamke wewe! Tembo hugemwa!"

Kicheko kikamkatika jirani. "Pombe? Astaghafirullahi. Bora hiyo masikio."

Hapo ndipo shangazi aliponigeukia na swali lake.

"Kileo hupaa na mvuke," nilisema.

"Chote?"

"Sijui."

"Na mgeni akiniuliza nimeumua kwa nini, nimwambie mwanangu kasema hajui?"

Jirani akafungua kibuyu kingine, cha maziwa ya siku nyingi yaliyonuka moshi na ukali. "Hii nachacha sana. Jaribu."

Alasiri mgema mmoja wa Kulesa, aliyeitwa na shangazi, akaleta tembo la mti wa mkoma, bado linatoa povu. Shangazi akagawa mchele uliosagwa katika mabakuli mawili, hili tembo, lile maziwa, akayafunika. Asubuhi bakuli la tembo lilikuwa limefura hadi ukingoni. La maziwa lilikuwa na viputo vichache, kama mtu anayesitasita kusema. Sikuona cha kufikiria hapo. Shangazi alisimama kati ya mabakuli hayo muda mrefu, kisha akanituma mtoni kupokea wageni.

Tuliporudi, mkate mmoja ulikuwa sufuriani, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mama wa Kipini aliukata, akayatazama matundu yake, akatafuna.

"Mfupi kidogo," alisema. "Lakini mtamu. Umeumua kwa nini, mwenzangu, na mafuriko haya?"

"Kwa alicholeta jirani," shangazi akajibu, wala kope haikumcheza.

Nilijiuma mdomo nisicheke. Hajasema uongo, mgema naye ni jirani, na hajataja tembo! Mgeni aliomba kipande kingine, na kabla ya adhuhuri posa ikakubaliwa. Kwa miaka mingi niliwasimulia watu jibu lile kama mfano wa akili ya mwanamke anayejua kupita katikati ya maneno.

Shangazi alikuwa amekwisha kufariki pale binti yake aliponiambia kwamba asubuhi ile, mimi nikiwa mtoni, mama yake alilimwaga bakuli la tembo nyuma ya jiko, akakaa kando ya majivu ya moto na lile la maziwa mapajani, akilisubiri liumuke.