Kete za Sataranji Zilizogaiwa Mafungu

Tulikuwepo mimi mjane. Mwanangu wa kiume, mwenye nyumba ile ya mtaa wa Al Nahda, tulimokutana kugawa mirathi. Binti zangu wawili, mkubwa kaja kutoka Maskati. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliyeijua mirathi. Na wifi yangu, dada yao. Majina yao yote ninayo, ila siyaandiki.

Mali nyengine ilikwisha gaiwa. Ikabaki sataranji ya pembe ya ndovu, ya mababu wa marehemu. Kete zake hazina uso wala macho, ndivyo walivyochonga Waislamu wa zama za kale. Mfalme kama kiti cha enzi, na ndovu, tuliyemwita fili, unamjua kwa vinundu viwili tu vya pembe zake. Marehemu akisema pembe yenyewe ilitoka kwetu bara, ikenda kuchongwa mbali, ikarudi kwetu mchezo.

"Hii iacheni nzima," wifi akasema. "Sataranji si halua, kila mtu akate kipande chake."

"Dada, wewe huna fungu hapa," shemeji akamjibu. "Haki ya mtu haiachwi."

Akazipanga mkekani, thelathini na mbili. Thumuni yangu mjane, sehemu moja ya nane, nne. Kijana kumi na nne, mabinti saba saba. Haikubaki hata moja. "Mashaallah!" akapiga makofi. "Utadhani zilichongwa kwa ajili yetu!" Nasi tukaona ni baraka.

"Haya, mtacheza kwa simu," wifi akatutania. "Aloo, Maskati, hebu sogeza farasi wako!"

Tukacheka sote. Hakuna aliyecheza tena.

Juzi mjukuu wangu kanipeleka na zangu nne kwa mwanamke mmoja wa makumbusho. Akazigeuza taratibu, akasema umbo hili ni la zama za makhalifa, na kwengine hubaki moja moja tu; seti nzima hajapata kuiona.

"Nyengine ziko wapi, bibi?"

Nimwambie nini? Za Maskati hazivuki mpaka, pembe siku hizi mpaka kibali. Za kijana keshawagaia wanawe, kila mmoja na nchi yake. Na wifi keshatangulia mbele ya haki, sikuwahi kumwambia kuwa yeye ndiye aliyeona mbali.

Wafalme wote wawili najua walipo. Fili mmoja ndiye anayenitatiza. Nadhani alikwenda kwa binti yangu mdogo. Mliokuwepo, au watoto wenu, kama nimekosea nambieni, nijue pa kumtafuta.