Rudy Kettunen Anyoosha Gari Lake

Rudy Kettunen aliendesha treni ya kubeba mawe ya chuma, kutoka migodi ya Negaunee hadi gatini Marquette, mpaka akastaafu. Mkewe Aileen aliendesha lori la kusukuma theluji barabarani. Kwa hiyo ubishi wa nani dereva haukuisha nyumbani mwao.

"Wewe maisha yako yote umefuata reli," Aileen alikuwa akimwambia. "Usukani utaujulia wapi?"

Mimi nilikuwa jirani yao wa ng'ambo ya barabara, na maneno hayo niliyasikia kila Jumamosi waliponialika kuoga mvuke kwenye sauna yao. Chanzo kilikuwa gari la Rudy la mwaka sitini na tisa, jekundu, milango miwili, silinda nane. Likiwashwa, vikombe vyangu vilitikisika kabatini. Alilinunua kabla ya kuoa, na tangu hapo kila akipata nafasi aliiongezea injini nguvu. Taa ikigeuka kijani, madereva wengine waliona mgongo wake tu. Lakini likishachanganya mwendo, lile gari lilitangatanga. Ukizungusha usukani kidogo, halina habari, ukizidisha, linakurupuka. Rudy alikwishazoea. Mikono yake ilicheza kushoto na kulia bila mwenyewe kujua.

Septemba moja walikuwa wanakwenda mji wa Soo kwa dada yake Aileen. Kule Seney, barabara imenyooka katikati ya kinamasi mpaka macho yanachoka, na Rudy alikuwa amekanyaga mafuta. Wakapishana na lori la magogo. Upepo wake ukalisukuma gari hadi kwenye changarawe. Rudy akalirudisha, likapitiliza upande wa pili, ndipo likatulia. Hakuna aliyeumia. Aileen alimwambia asimame, akashuka, akanipigia simu nikamchukue.

Nilimkuta amekaa kwenye nyasi anakula mkate wa nyama aliofunga kwa safari. Rudy amesimama mbali kidogo, anatazama maji ya kinamasi.

"Nimeendesha lori kwenye barafu, gizani, sikuogopa," Aileen aliniambia kwa sauti ya kumfikia mumewe. "Leo nimeogopa. Silipandi tena."

"Magari ya zamani ndivyo yalivyo," Rudy akajibu.

"Basi bakini pamoja, wazee wawili."

Rudy alinuna wiki nzima. Rafiki yake Gordy Maki alikuja kumfariji, akashauri kabureta kubwa zaidi, gari lizidi mbio.

"Nikimbie wapi, Gordy?" Rudy alimuuliza. "Mke wangu nimemwacha kando ya barabara."

Theluji ilipoanguka, alilipandisha gari juu ya stendi za chuma gerejini, akaanza kazi. Injini hakuigusa. Aling'oa boksi la usukani lililolika meno, akafunga jipya lisilolegea. Bushi zote za mbele, zile mpira za kwenye maungio, zilikuwa zimekauka na kupasuka, akabadilisha. Akaweka springi fupi na ngumu zaidi ili pua iliyokuwa imeinuka ishuke, na chuma kinene cha kuunganisha magurudumu ya mbele, gari lisilale kwenye kona. Gordy alipoliona alisikitika.

"Umelishusha, sasa linafanana na gari la mchungaji."

"Mchungaji hufika anakokwenda," Rudy akasema.

Barabara zilipokauka, fundi mmoja wa Marquette aliyapima magurudumu na kuyarekebisha upya, usukani uwe unarudi katikati wenyewe ukiachiwa. Jioni ile, nikiwa kwao, Rudy alivuka sebule na funguo mkononi, akasimama mbele ya mkewe kama anayeomba kazi.

"Sikuombi upande," alisema. "Nakuomba uendeshe. Mimi nimelizoea vibaya, siwezi kujua kama limepona."

Aileen alizichukua, akatoka kuliwasha. Alirudi baada ya muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

"Mbele safi," alisema. "Nyuma linaruka kama sungura. Ulibadilisha shokapu za nyuma?"

Rudy akakuna kichwa. "Zilionekana bado nzima."

"Hata wewe unaonekana bado mzima, mzee. Badilisha."

Alibadilisha.

Mwezi wa tano wakaenda Soo, Aileen kwenye usukani. Aliponisimulia baadaye, alianza na malori. Alipishana nayo matatu kule Seney, na kila mara gari lilishtuka kidogo likaendelea na njia yake, mikono yake imetulia. Alikuwa amejiandaa kumtania Rudy kuhusu reli. Alipogeuka, akamkuta amelala fofofo, mdomo wazi, kofia imemwangukia mapajani.

"Mwanamume huyo hajawahi kulala nikiendesha," Aileen aliniambia. "Hata kwenye lori langu la theluji alikuwa anashika mlango."

"Ukamwamsha?"

"Nimwamshe ya nini? Nilipunguza redio, nikaongeza mwendo."