Miguu ya Dhahabu Mlangoni

Mwaka wa 1962, kule Likoni, ukipita nyumba ya marehemu Mwidani ulikuwa humkosi bintiye mkubwa, Dhahabu, ameketi mlangoni, miguu ameinyosha, anasuka ukili wa mikeka. Hakuwa ameolewa. Mdogo wake, Waridi, alikuwa ameposwa na Ishaka, kuli wa bandarini. Lakini asingeolewa mpaka dada yake atamke kwamba ameridhia. Kutangulia bila ridhaa hiyo, kwao, kuliitwa kumkiuka dada.

Dhahabu alilijua neno hilo tangu utotoni. Bibi yake alimfundisha kwamba kukiuka ni kuinua mguu ukapita juu ya kitu. Ukimkiuka mtu aliyeketi umemdharau, na huna budi kurudi ulikopitia. Baadaye watu wakalipeleka neno shambani, kwa anayeuruka mpaka wa jirani. Kisha barazani, kwa anayevunja amri au kujitwalia kisicho chake. "Lakini mguu ndio uliotangulia," bibi alipenda kumalizia.

Wazee wa kina Ishaka walipokuja kusikiliza jibu, Dhahabu alikuwa hajaamua. Aliiogopa nyumba atakayobaki nayo peke yake. Waridi akatoka jikoni mbio na sinia la kahawa, na badala ya kuomba njia, akairuka miguu ya dada yake.

Vichwa vyote barazani vikageuka.

"Ewe Waridi!" alifoka ami yao, Mwinyihaji. "Posa haijajibiwa, ushamkiuka mwenzio?"

"Ami, kahawa inapoa..."

"Na adabu yako, imepoa tangu lini?"

Mzee mmoja alicheka, akajitia kukohoa. Dhahabu alimtazama mdogo wake usoni, asione ujeuri wowote. Aliona mtu aliyechoka kungoja. Tangu Maulidi, kila Waridi alipomuuliza, Dhahabu alikuwa akimwambia, "Bado kidogo."

"Rudi, mdogo wangu."

Waridi akarudi, akiinua mguu polepole juu ya ile miguu, macho chini. "Niwie radhi, dada."

"Radhi unayo." Dhahabu aliweka ukili kando, akaikunja miguu ndani ya leso, mlango ukawa wazi. "Sasa pita. Ami, waambie wageni nimeridhia."

"Kwa moyo mmoja?"

"Wallahi, ami. Ila mkeka wa harusi nitaushona mimi. Wasije wakatuletea wa sokoni."