Sakafu Niliyoingoja Ikauke

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimepiga magoti hapa kisiwani kwetu Nosy Be, si kwa sala, bali namwagilia sakafu maji kwa kopo. Bendera yetu ya uhuru ilikuwa bado mpya, nami nilikuwa karani wa ghala la mafuta ya maua ya mlangilangi, kijana wa ishirini na kitu, mwenye cheti cha sekondari na kichwa kikubwa kuliko kofia. Nilikuwa najenga nyumba ya mawe na saruji. Watu wa kwetu walilala katika nyumba za fito na majani mapana ya mti wa ravinala, ambazo ukitaka kuhama unafungua kamba, unabeba kuta. Mimi nikasema hapana, yangu haitabebeka.

Ujue kwamba sikuwa mtu wa safari. Miaka niliyosoma mjini Mahajanga, ng'ambo ya bahari, nililia kila Jumapili jioni kwa kutamani nyumbani, nikawaambia wenzangu ni vumbi. Hata leo, nikienda sokoni, mke wangu husema narudi kabla sijafika.

Mama yangu alikuwa kinyume changu. Baba alipofariki, alizifungua kuta za nyumba yake akampa jirani, akagawa sufuria zake huku akicheka, akaenda kuishi kwa dada yangu Soa, kule Belobaka, pembezoni mwa Mahajanga. Alibeba mkeka, nguo mbili na kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

"Mama, sasa umebaki na nini?" nilimuuliza.

"Nimebaki na safari," akanijibu. Nilidhani anazungumzia Mahajanga.

Basi asubuhi ile ikaja barua ya dada. Mistari mitatu tu: Mama hainuki tena kitandani. Anakuulizia. Njoo.

Sakafu ilikuwa imemwagwa jana yake. Zege bichi unalitia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, ukalifunika magunia yaliyoloa. Jua likilikausha kwa haraka, linapasuka. Fundi Saidi, mzee wa Kikomoro aliyekuwa akinijengea, aliuona uso wangu, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza.

"Nenda kwa mama yako," akasema. "Maji nitamwaga mimi."

"Utasahau, Fundi. Una kazi nyingine mbili."

"Nisahau sakafu? Mimi niliyezeekea juu ya sakafu!" Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akanitazama. "Kijana, Jumapili nikipita nje ya kanisa lenu nakusikia wewe kuliko wote, mnaimba kwamba duniani mnapita tu. Kumbe ni sauti tu ile?"

Nikacheka. "Siku saba, Fundi. Mama ana nguvu."

"Yaani Muislamu ndiye akukumbushe dini yako," akasema, akaondoka akitikisa kichwa.

Nikaenda posta, nikampelekea dada simu ya maandishi: nakuja, sakafu ikikauka. Niliona nimeandika jambo la busara kabisa.

Siku saba zikawa tisa, maana nilitaka kuiona imekauka kwelikweli. Nilivua viatu nikatembea juu yake taratibu kama askofu. Ndipo nikavuka kwa mashua hadi bandari ya Antsahampano, upande wa pili, nikapanda gari la abiria, na njia ile ya matope ikanila siku nne. Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa mlango wa mbele. Nilitaka Mama aushike.

Nilifika Belobaka saa sita mchana. Dada Soa alikuwa uani, anaanua mkeka wa Mama uliooshwa. Hakulia. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Sakafu imekauka, mdogo wangu?"

Mama alikuwa amezikwa juzi yake.

Tulipoingia ndani aliniuliza nimemletea Mama nini. Nikautoa ule ufunguo. Akacheka, nikacheka na mimi, kisha tukalia wote wawili hadi majirani wakaja.

"Kila jioni aliniomba nimgeuze aelekee mlango," dada akaniambia. "Mimi nilikukasirikia, akanikataza. Akasema, 'Mwache huyo. Tangu mdogo, akiketi mahali anadhani ndipo pa kudumu. Mwambie natangulia kwa Bwana, na kule ana nafasi yake. Wala hahitaji kujenga.'"

Mwanangu, nyumba ninayo bado, na naipenda, sitakudanganya. Mke wangu ananitania kwamba nitaomba nizikwe jikoni. Lakini kuna saa za jioni, moto unawashwa, watu wanarudi makwao, na mimi niko kwangu, kitini pangu, ila nasikia hamu ya kwenda nyumbani. Ni hamu ya sauti ya mtu mmoja tu, aliyekuwa akinicheka kwa mapenzi. Hamu hiyo ndiyo iliyonifunza maneno niliyokuwa nayaimba bila kuyasikia: hapa tu wageni, tumekaribishwa kwa muda, na Mungu ndiye anayetungoja nyumbani. Mimi nisiyependa safari, hii moja naitamani.

Sikukatazi kujenga. Jenga, paka chokaa, panda maua mbele ya mlango. Ila siku mtu wako akikuita, iache ndoo hapo hapo ilipo, uende. Sakafu ikipasuka utamwita fundi. Mimi mpaka leo sijapata fundi wa zile siku tisa.

Mungu akupe paa lisilovuja, na miguu isiyofungwa na paa hilo. Akufikishe kwa unaowapenda wangali wanaweza kukugeukia. Na zamu yako ikifika, akupokee Mwenyewe mlangoni, akuite kwa jina lako. Amina.