Fanta ya kurudisha bibi

Ayii, Jumapili wazee yetu walinichokesha! Binti yangu alikimbilia kwangu juu bwana yake alikuwa mulevi. Kwetu, bwana akikuja kurudisha bibi, analeta pombe, wazee wanakunywa, wanasamehe. Huyu mukwe akashusha kreti ya fanta.

Kaka yangu mukubwa akashika chupa, akaigeuza, akairudisha. "Mukwe, sisi tuko watoto ya sikukuu ya ubatizo, ya kupewa fanta?"

"Baba, nilisema niache pombe mwezi moja nijiangalie. Leo iko wiki tatu. Nimeona haikuwa kiu. Bibi alikuwa ananigombeza tu, miguu inaenda baa yenyewe."

"Bon, jiangalie. Lakini bila pombe, musamaha hakuna."

Wazee wakakaa saa mbili nzima mikono imekunjwa, wanaangalia ile fanta kama vile imewatukana. Mi nimesuluhisha magomvi mingi, lakini hii? Mulevi analaumiwa juu ya pombe, kisha anaombwa pombe!

Binti yangu akatoka na mufuko yake. Akafungua chupa na meno, akakunywa nusu, nusu akapatia bwana yake. "Twende."

Mukwe ameweza wiki tatu. Wazee yetu, saa mbili tu imewashinda.