Kiti Kitupu cha Somo la Tisa

Chuoni walimwita Bi Ushahidi, maana hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza umejuaje. Alikuwa profesa wa ualimu kwa mwaka wa ishirini na mbili, na jambo moja tu alilisema bila kumdai mtu ushahidi: mwalimu hafundwi na skrini, hufundwa ukumbini, macho kwa macho. Kozi ya mtandaoni aliifundisha mwaka mmoja, tena shingo upande, alipoomba kukaa nyumbani amuuguze mama yake. Alijirekodi mezani kwake masomo kumi na mawili, akayatuma kwa mafundi wa chuo wayapandishe vilevile yalivyo. Hakuwahi kuyatazama. Nani ana hamu ya kujiona akiongea peke yake?

Sasa baraza la chuo lilitaka kujua kama kozi hiyo iendelee au ifungwe, na utafiti akapewa yeye. Kuku alikuwa amepewa kesi ya mwewe, lakini alijitahidi kutenda haki. Alizunguka shule thelathini, akaketi dawati la nyuma na fomu yake, akahesabu jambo moja alilolihubiri maisha yake yote: mwalimu akishauliza swali, husubiri sekunde ngapi kabla ya kuita mtoto? Nani alisomea ukumbini na nani mtandaoni, hakutaka kuambiwa mapema. Orodha ya majina ilikaa na mtakwimu wa idara, mzee aliyebakiza miezi mitatu astaafu.

Walimu wakajigawa wenyewe. Wengine waliurukia mkono wa kwanza kunyooshwa, au wakajibu wenyewe. Wengine walinyamaza sekunde tano, saba, hata kumi, mpaka yule mtoto wa pembeni asiyesemaga akafungua kinywa. Bi Ushahidi alifurahi moyoni. Hawa ni wangu, alijiambia, hawa ni wa ukumbini. Akaandika ripoti nzima, na pendekezo mwishoni kwamba kozi ya mtandaoni ifungwe, ndipo akaenda kuchukua orodha.

Ilikuwa kinyume. Waliosubiri walikuwa karibu wote wa mtandaoni. Alimwambia mtakwimu amechanganya safu, mzee akahakiki. Akamwambia ahakiki tena, akahakiki. Mara ya tatu mzee alivua miwani.

"Profesa, mimi nilikaa kwenye kozi yako fupi pale ukumbini, unakumbuka? Ukiuliza swali, unalijibu mwenyewe kabla hatujavuta pumzi."

Akacheka, akasema mganga hajigangi. Bi Ushahidi hakucheka. Alitoka na makaratasi yake hajui aende kulia au kushoto, na aibu ikimchoma hasa kwa sababu alishindwa kubisha. Alilinganisha umri wa walimu, ukubwa wa madarasa, umbali wa shule. Kote ngoma droo. Na bado hata kosa lake la ukumbini halikueleza kitu: hao wa mtandaoni walijifunza kunyamaza kwa nani, kama mwalimu wao ni yuleyule msemaji?

Zikiwa zimebaki siku nne baraza likutane, alirudi kwa mwalimu mmoja wa darasa la nne, mama wa makamo, aliyesubiri kuliko wote. Alimkuta anafuta ubao. Akamuuliza bila kuzunguka: alifundishwa na nani kunyamaza?

"Na wewe, mwalimu wangu," yule mama akasema, akishangaa kuulizwa. "Kwenye video ulikuwa ukiuliza, unageuza shingo kidogo, unatega sikio. Nikajua unatusubiri. Nami nilikuwa najibu kwa sauti, peke yangu jikoni. Somo la tisa ndiyo uliondoka kabisa kitini, ukatuachia dakika nzima. Siku hiyo nilijibu mpaka nikajishangaa."

Bi Ushahidi alitaka kusema kitu, akakikosa. Yule mama alisubiri, wala hakumharakisha. Mwishowe profesa aliaga kwa mkono, akarudi ofisini, akafunga mlango na kuvaa visikizi. Kwa mara ya kwanza alifungua somo la tisa.

Alijiona: amekonda, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Aliuliza, "Mtoto akikosea, kosa lake linakwambia nini?" Kisha akageuza shingo. Hapo alikumbuka. Hakuwa akisubiri mwanafunzi yeyote. Alikuwa akisikiliza kikohozi cha mama yake chumba cha pili, na kila aliposikia kikohozi alijua yupo, akaendelea kufundisha. Siku hiyo kikohozi hakikuja. Kwenye skrini mwanamke aliinuka ghafla, kiti kikabaki kitupu. Bi Ushahidi aliongeza sauti hadi mwisho. Mama yake alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na sauti yake haikuwa imehifadhiwa popote, au ndivyo alivyodhani.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza kwa mbali, kwa sauti ya usingizi. "Wanafunzi wako wamekwenda wapi?"

"Wapo, mama," yeye mwenyewe akajibu, na hapo alikuwa akimtuliza mgonjwa tu. "Wanafikiri."

Alilia akiwa na visikizi masikioni. Kisha alifungua ripoti, akafuta neno ifungwe. Kwenye kisanduku cha sababu hakujua aandike nini, akakiacha wazi.